Semina Isiyo na Posho

"Hapana shangazi, posho haihusiki hapa. Mtu anaenda, anajifunza, anarudi anajua kitu ambacho asubuhi alikuwa hakijui. Hiyo ndiyo posho yenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa namjibu shangazi yangu Jumamosi ile, nimesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Yeye alikuwa kwenye kigoda anapepeta mtama wa kupeleka sokoni Majengo, na hakuwa na haraka. Shangazi akiwa na ungo mkononi hana haraka na mtu.

"Semina gani haina posho?" akauliza, kana kwamba sijajibu. "Hapa Dodoma? Mimi watu wa semina nawajua. Jioni wanashuka sokoni na vitambulisho vyao shingoni, wananunua karanga kwa noti mpya mpya. Wewe jioni utashuka na nini?"

"Na akili."

"Akili haipimwi kwa debe."

"Shangazi, nachelewa."

"Ngoja nikuulize kitu kimoja tu. Kazi yako unaijua au huijui?"

"Naijua."

"Kama unaijua, unaenda kufundishwa nini? Na kama huijui, wanakulipa kwa nini?"

Nikavaa kiatu cha pili, nikatoka. Nilikuwa na hasira, maana swali lilikuwa zuri na mimi ndiye niliyepaswa kuwa na majibu.

Nieleze kazi yenyewe. Nilipomaliza kidato cha nne nilisoma kozi fupi ya kompyuta, nikapata kazi kwenye chama cha wakulima wa zabibu. Mkulima akileta zabibu zinapimwa, halafu mimi naingiza kilo zake kwenye kompyuta. Taarifa zote za wanachama, nani ana shamba lipi, kaleta kiasi gani, anadai nini, zimo kwenye kitu kinachoitwa kanzidata. Ilitengenezwa na mwanachuo mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Akamaliza, akaondoka, hajaonekana tena. Tangu hapo mtunzaji ni mimi. Wakulima wenyewe hupewa vikaratasi vya risiti, lakini vikaratasi hivyo msimu haujaisha vimeshaliwa na mbuzi au vimeviringishiwa tumbaku. Kwa hiyo ukweli wote wa zabibu za kata yetu umo ndani ya kompyuta moja ya zamani, inayokaa ofisini chini ya kitambaa cha kufumwa alichokileta mke wa meneja ili vumbi lisiiguse.

Meneja wetu ni mwalimu mstaafu. Ana sheria moja anayoipenda kuliko zote: mali ya ofisi hailali nje ya ofisi. Ndiyo maana flashi yetu ya kuhifadhia nakala ina kibao cha mti kama ufunguo wa stoo, na inaning'inia kwenye msumari juu ya kompyuta ileile. Kila Ijumaa jioni nachomeka flashi, nakopi, na meneja anakuja kusimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Nakala imelala?"

"Imelala, mzee."

"Ifungue tuione."

Naibonyeza, inafunguka, majina ya wanachama yanajipanga. Anatikisa kichwa kama aliyesikia kwaya ikiimba vizuri, tunafunga ofisi.

Wiki hiyo mfadhili alituletea kompyuta mpya, bado imo kwenye boksi. Meneja akaamua ile ya zamani ipelekwe shule ya msingi. Fundi angepita Jumapili baada ya ibada, aifute kila kitu, ianze upya kama haijawahi kutumika. Meneja aliniuliza mbele ya wajumbe wa bodi: "Hatupotezi chochote?" Nami nikajibu haraka, maana mimi sipendi maswali yanayorudiwa: "Hatupotezi kitu, mzee. Vyote vimo kwenye flashi."

Sasa tangazo la semina nililiona limebandikwa kwenye ukuta wa stesheneri ninapotolea fotokopi. Liliandikwa kwa mkono: watunza kanzidata wote, wa ofisi kubwa na ndogo, karibuni tukutane Jumamosi, tufundishane, hakuna kiingilio, njoo na nakala ya data zako. Nilipoliona nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nilikuwa sijui kama kuna wengine. Nilidhani duniani ni mimi peke yangu ninayekaa na kompyuta inayokataa kuongea, nikiibembeleza.

Kupata ruhusa ya kutoka na flashi ilikuwa kesi. Meneja aliniandikia kibali, akakipiga mhuri, akanishikisha flashi na kibao chake.

"Usimwonyeshe mtu kilo za mtu."

"Sawa, mzee."

"Na irudi Jumatatu ikiwa kama ilivyo."

Nikafika ukumbini. Haukuwa ukumbi, lilikuwa darasa la kukodi, lina projekta moja na feni inayozunguka ikijisikia. Watu walikuwa wamejaa. Baba mmoja mwenye tai, amekaa mbele kabisa, aliinua mkono kabla mtu hajaanza kusema.

"Samahani. Fomu ya posho inasainiwa sasa au baada ya chai?"

Kijana aliyekuwa anaendesha mafunzo, mrefu, amevaa fulana na ndala, akatabasamu. "Baba, hapa hakuna posho. Hata mimi silipwi. Na chai ni ile mliyokuja nayo."

Viti vikaanza kulia. Watu walitoka mmoja mmoja, wengine wameshika simu sikioni, wanaongea na mtu ambaye hakuwa amepiga. Nikawaza: shangazi angekuwepo hapa angepiga vigelegele. Lakini baba mwenye tai alibaki. Baadaye alisema alishaaga ofisini, sasa arudi kufanya nini?

Tuliobaki tulisogea mbele. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene, mcheshi, anayetunza taarifa za wagonjwa hospitalini. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa andazi kutoka kwenye mkoba wake kabla hata hajaniuliza natoka wapi. Akaniambia anakaa Ipagala. Kumbe mtaa wa pili kutoka kwetu! Tunapishana kila siku dukani, na wote tunalia na kompyuta, kila mtu kwake.

Yule kijana akauliza, "Nani hapa anatunza nakala ya data zake?"

Mikono yote juu.

"Safi. Nani ameshawahi kuirudisha? Yaani uichukue hiyo nakala, uipeleke kwenye mashine nyingine kabisa, isiyoijua ofisi yenu, na ikafunguka?"

Mikono ikashuka taratibu kama tumeulizwa nani kala nyama jikoni. Wangu nikauacha juu. Mimi yangu huwa naifungua kila Ijumaa, tena na shahidi.

"Dada, karibu mbele. Umekuja na nakala?"

Nikaenda na flashi yangu na kibao chake. Kibao kile kilipogonga meza watu wakacheka, na mimi nikajisikia vizuri, nikadhani wananipenda. Nikaichomeka kwenye laptopu yake. Ukutani, kwa ukubwa wa mlango, ikatokea alama ya kanzidata yetu. Nikaibonyeza.

Ikaja sentensi inayosema faili halipatikani.

Nikabonyeza tena. Halipatikani. Nikabonyeza kwa kasi zaidi.

"Dada, taratibu, unaipiga."

"Laptopu yako ndiyo mbovu," nikamwambia. Hata sikuona haya. "Kwetu inafunguka."

"Kwenu inafunguka ukiwa kwenye kompyuta gani?"

"Yetu."

"Wanachama wenu ni wengi?"

"Wamejaa kata nzima."

Akaangalia ukubwa wa lile faili, akaguna. "Basi ni wembamba sana hao. Hili faili ni dogo kuliko salamu ya meseji."

Darasa zima likacheka. Akaninyooshea kidole ukutani, kwenye kona ya chini ya ile alama. Palikuwa na kamshale kadogo. Nimekaona kamshale kale kila Ijumaa, nikajua ni pambo.

"Hii inaitwa shotikati," akasema, na alisema kwa upole, namshukuru. "Siyo faili. Ni kibao cha kuelekeza tu. Ukikibonyeza kwenye kompyuta yenu, kinakupeleka faili lilipo, ndani ya kompyuta hiyohiyo, ndiyo maana linafunguka. Ukikileta huku, kinaelekeza mahali ambapo hapapo. Ni kama umeagizwa mbuzi, ukaleta kibao kimeandikwa: mbuzi yuko nyumbani."

Jamani. Nilitamani feni ile inidondokee. Ijumaa zote zile. Meneja amesimama mikono mgongoni. Imelala? Imelala, mzee. Kumbe kilicholala ni kibao juu ya kibao.

Nikarudi kwenye kiti, macho yamejaa. Yule mama wa hospitali akaniinamia.

"Usilie, mwanangu. Mimi nilifanya hivyohivyo, tena muda mrefu kuliko wewe."

"Wewe?"

"Mimi. Ila mimi sikuchekwa, maana hakukuwa na mtu wa kuniona. Nikagundua siku mashine imeungua. Wewe una bahati, umechekwa mapema."

Huku nyuma baba mwenye tai alikuwa amewasha laptopu yake kimya kimya. Akakohoa. "Samahani. Na mimi kangu kana kamshale."

Kicheko kilichofuata kilisikika barabarani. Baada ya hapo kila mtu akainamia flashi yake kama anatafuta chawa, na mishale ikapatikana mingine, na mtu mwingine akakuta flashi yake ina nyimbo tu. Nikaanza kupumua.

Mpaka kijana alipouliza, "Sasa dada, faili lenyewe bado limo kwenye kompyuta ya ofisi, si ndiyo? Basi hujapoteza kitu. Maadamu hakuna mtu wa kuifuta."

"Inafutwa kesho," nikasema.

Kijana akachungulia saa kwenye simu yake.

"Kesho saa ngapi?"

"Baada ya ibada."

Mambo waliyonifanyia pale siwezi kuyaeleza yote. Waliacha ratiba yao. Wakasogeza viti wakanizunguka, kila mmoja anataka kunionyesha: faili lenyewe unalitafuta hivi, utalijua kwa uzito wake na kwa kukosa mshale, ukishalikopi usiamini macho yako, lipeleke kwenye mashine nyingine ulifungue, uangalie kilo za mtu unayemjua. Wakanirudisha nyuma nikarudia mwenyewe mpaka mkono ukazoea. Baba mwenye tai alinipa flashi yake ya akiba, ile yenye nyimbo haikuchukuliwa. Mama wa hospitali akasema, "Laptopu yangu ipo. Ondoka nayo leo." Mtu ambaye asubuhi nilikuwa simjui!

"Halafu nakala moja ikae mbali na ofisi," akasema yule kijana.

"Mbali kiasi gani?" akauliza baba mwenye tai.

"Paa la ofisi likianguka, lisiifikie."

Nikaondoka kabla semina haijaisha, napiga simu kwa meneja. Haipatikani. Nikapiga tena. Nikachukua bodaboda mpaka kwake. Geti limefungwa. Jirani akaniambia mzee ni mgeni rasmi kwenye harusi ya mpwa wake, na simu yake huwa inakaa kwenye pochi ya mke wake, imezimwa, ili isimwaibishe wakati wa hotuba.

"Watarudi saa ngapi?"

"Harusi hiyo, binti. Ila ibada ya kwanza haikosi, hata alale macho wazi."

Ufunguo wa ofisi anao yeye. Namba ya fundi anayo yeye. Nikarudi nyumbani jua linazama, vumbi mpaka kwenye nyusi, nimekumbatia laptopu ya watu.

Shangazi alikuwa ameshatoka sokoni, anakunja magunia.

"Haya, msomi. Posho iko wapi?"

Nikamweleza yote. Kosa. Nilipofika kwenye kibao cha mbuzi yuko nyumbani, alicheka mpaka akakaa chini juu ya magunia, anafuta machozi kwa khanga.

"Kila Ijumaa! Na mzee wa watu anasimama hapo nyuma!"

"Shangazi, siyo ya kucheka. Kesho fundi anafuta kilo za wakulima wote."

"Pole zao."

"Za baba pia."

"Baba yako anajua kulalamika, atajitetea."

"Na zako, shangazi."

Kicheko kikakatika. Shangazi ana mistari yake ya mizabibu ndani ya shamba la chama, na msimu huu ilizaa vizuri kuliko ya wote. Amekwisha kuitangaza soko zima.

"Zangu zile?"

"Zile zile."

"Si una risiti zangu?"

"Wewe ndiye una risiti zako."

Akaangalia mbali. "Moja niliwashia jiko," akasema.

Lakini shangazi hawezi kushindwa kwa muda mrefu. Nilipomwambia habari ya kuweka nakala mbali na ofisi, uso wake ukafunguka.

"Sasa hilo ndilo wamekufundisha? Mbona mimi nalijua tangu sijavunja ungo! Ng'ombe huwaweki zizi moja. Ukame ukija, ugonjwa ukija, unabaki na kamba. Mimi ng'ombe wangu nimemweka Buigiri kwa shemeji yako, mume wa dada yako, yeye anakamua maziwa, na ndama ni wa kwangu. Sikwenda semina!"

Na kweli, ndivyo wanavyofanya wafugaji wa kwetu, kila mtu ana ng'ombe zizi la mwenzake. Ningeweza kunyamaza, lakini mimi kunyamaza sijaumbiwa, na tena nilikuwa nimetoka kufundishwa swali.

"Shangazi, huyo ng'ombe umemwona lini?"

"Yupo."

"Nauliza umemwona lini. Kwa macho."

"Shemeji yako hunipigia simu. Ng'ombe hajambo. Tena hunitumia picha."

"Nione."

Akatoa simu, akapekua. Picha ya karibuni: ng'ombe mwekundu, pembe zimeinama. Akapekua ya zamani: ng'ombe mwekundu, pembe zimesimama kama zinasalimia. Akaisogeza karibu na macho. Akaisogeza mbali.

"Labda ni jua," akasema.

"Labda."

"Pembe hazibadiliki kwa jua, eti?"

"Mimi ng'ombe siwajui, shangazi. Mimi nilichojifunza leo ni kwamba hiyo siyo ng'ombe. Hiyo ni kamshale."

Nilidhani atanitupia ungo. Badala yake akaguna, guno refu, akawa anaiangalia ile picha kwa jicho lililonifanya nimwonee huruma shemeji yangu.

"Hao watu wako wa semina," akasema mwishowe, "wanakutana tena lini?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Kuuliza nako kuna posho?"

Nikaiweka laptopu juu ya meza, mbali na maji ya kunywa, nikaifunika kwa khanga yangu nzuri. Shangazi akatoa gauni lake la kusafiria, akalining'iniza mlangoni bila kusema ni la safari gani wala la lini.

Nami nikaamua hivi. Kesho asubuhi naamka kabla ya jogoo wa jirani, sisubiri chai, nakwenda kukaa kwenye geti la meneja na ile laptopu ya watu mapajani. Akitoka na suti yake ya kanisani nitasema shikamoo, na kabla hajamaliza marahaba nitamwambia: mzee, nakala haijawahi kulala hata siku moja, nipe ufunguo. Atakasirika, akasirike tukiwa tunatembea. Nitalitafuta faili lile nene lisilo na mshale, nitalikopi, nitalifungua kwenye mashine isiyotujua, na wa kwanza nitakayemwangalia ni shangazi, kilo zake zote, mstari kwa mstari, mzee akiwa amesimama nyuma yangu mikono mgongoni. Fundi akishafika afute anavyotaka. Mali ya ofisi, nayo, italala nje ya ofisi, mzee apende asipende: tutapanda gari la Buigiri, mimi na flashi ya baba mwenye tai, shangazi na picha zake mbili, tukamhesabu ng'ombe pembe zake kwa mkono.